Mkate mkavu ni kitafunwa, wenye ukungu ni wa kutupa

Ni nadra mkate wa slesi kuisha siku ile ile ulionunuliwa. Watoto hula slesi za katikati, zile ngumu za mwisho hubaki ndani ya mfuko, na kufikia siku ya tatu mkate umeshakakamaa kiasi kwamba hakuna anayeutaka kwa chai. Baadhi ya familia huutupa. Nyingine huuchoma jikoni zikiamini kuwa moto utausafisha, hata kama una doa la kijani pembeni.

Zote mbili zinakosea, kila moja kwa namna yake. Ya kwanza inatupa chakula ambacho kingeweza kuwa kitafunwa kizuri cha kuwapa wageni kabla ya mlo. Ya pili inaweza kuwalisha watoto sumu isiyoondoka kwa moto. Kukauka na kuota ukungu ni mambo mawili tofauti, na anayeandaa chakula anapaswa kuyatofautisha kabla hajawasha jiko.

Kwa nini mkate hukakamaa

Wengi hudhani mkate hukakamaa kwa sababu maji yake yamepotea hewani. Hiyo ni sehemu tu ya sababu. Mwaka 1852, mwanasayansi wa Ufaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kuwa hata mkate uliofungwa usipoteze maji huwa mgumu, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena.

Kinachobadilika zaidi ni wanga. Mkate unapookwa, wanga hunywa maji na kulainika. Ukishapoa, wanga huo huanza kujipanga upya na kukaza taratibu, siku hadi siku. Ndiyo maana slesi hukakamaa hata ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Mabadiliko hayo hayana madhara kwa mlaji.

Friji nayo haisaidii kama wengi wanavyofikiri. Inachelewesha ukungu, lakini wanga hukaza haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mkate ukikaa mezani. Mwenye friza anaweza kugandisha slesi zilizobaki zikiwa bado nzuri, kisha akatoa chache kila anapozihitaji.

Kwa kitafunwa cha kukauka, slesi ya jana au juzi inafaa kuliko mkate uliotoka kuokwa. Mkate laini sana hubonyea unapokatwa na huchukua muda mrefu kukauka katikati, hivyo nje inaweza kuungua ndani kukiwa bado na unyevu.

Ukungu hauondoki kwa kuchomwa

Katika miji yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, mkate uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho, na ukungu hupata mazingira mazuri ya kuota. Doa la kijani, jeupe au jeusi linaloonekana ni sehemu tu ya ukungu huo. Mkate una vitundu vingi, na nyuzi za ukungu zinaweza kupenya ndani mahali ambapo jicho halioni.

Kwa sababu hiyo, kukata sehemu yenye doa na kula iliyobaki si salama. Slesi za jirani ndani ya mfuko huo nazo si za kuamini, kwani zimegusana na mbegu za ukungu husambaa kwa urahisi. Pia si vizuri kuunusa mkate ili kujua kama umeharibika. Mbegu hizo zikiingia kwenye pua na mapafu zinaweza kumsumbua mtu, hasa mwenye pumu au mzio.

Moto mkali unaweza kuua ukungu wenyewe, lakini baadhi ya aina za ukungu hutengeneza sumu zinazostahimili joto la kawaida la jikoni. Afrika Mashariki inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2004, watu 125 walifariki dunia mashariki mwa Kenya kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016, sumu hiyo ilisababisha vifo Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yalikuwa mahindi, si mkate, na ukungu wa mkate mara nyingi ni wa aina nyingine. Lakini kwa kuangalia hakuna anayeweza kujua ni ukungu gani, na ugali ulioziua familia zile ulikuwa umepikwa jikoni kama ugali mwingine wowote.

Wapo wanaowapa kuku au mbwa mkate wenye ukungu wakidhani wanaokoa chakula. Wanyama nao hudhurika na sumu hizo. Mkate wa namna hiyo ufungwe kwenye mfuko na utupwe, kisha chombo ulimokuwa kisafishwe na kukaushwa.

Namna ya kuandaa

Kitafunwa hiki kina asili ya muda mrefu Italia, ambako kuna namna mbili maarufu. Ya kwanza ni bruschetta, ambayo jina lake linatokana na neno la lahaja ya Roma lenye maana ya kuchoma juu ya makaa. Ya pili ni crostini, vipande vidogo na vyembamba zaidi. Mkoa wa Toscana unajulikana kwa crostini za kupakwa maini ya kuku yaliyopondwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji jiko la hoteli.

Kwa slesi sita, kata kila moja pembetatu nne. Utapata vipande 24, vinavyotosha watu sita hadi wanane kabla ya mlo. Ukitumia mkate mrefu wa mviringo, kata vipande vya unene wa sentimita moja. Ganda la mkate liache, ndilo linaloshika vizuri.

Kwa oveni, washa hadi nyuzijoto 180. Panga vipande kwenye trei bila kupandana. Paka mafuta kidogo kwa brashi upande mmoja tu. Vijiko viwili vya chakula vinatosha vipande vyote. Oka kwa dakika 10 hadi 15, ukigeuza katikati ya muda. Oveni hazifanani, hivyo anza kuangalia mapema.

Asiye na oveni atumie kikaango kizito kwenye moto mdogo, bila mafuta. Weka vipande, vibonyeze kidogo kwa mwiko, na subiri dakika tatu hadi nne kila upande. Moto ukiwa mkubwa, nje kutaungua na ndani kutabaki laini.

Kwa jiko la mkaa, subiri hadi mkaa uwake wote na kufunikwa na jivu jeupe, moshi ukiwa umeisha. Weka wavu juu kidogo, usigusane na makaa, na geuza vipande mara kwa mara. Mafuta yapakwe baada ya kuchoma, kwa sababu yakidondokea makaa huleta moshi na miali inayounguza mkate. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua watu waliojifungia ndani.

Vikiiva, sugua punje ya kitunguu saumu juu ya vipande vikiwa bado vya moto. Harufu yake hupunguza haja ya kuongeza chumvi. Kisha vipoze juu ya wavu au ungo. Ukivirundika kwenye sahani vikiwa vya moto, mvuke utavirudishia unyevu. Vikishapoa kabisa, vinaweza kukaa siku tatu kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Wengine huzamisha vipande kwenye mafuta yanayochemka. Vinakuwa vikavu pia, lakini mkate hufyonza mafuta kama sifongo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, na mlaji hawezi kujua kwa macho amekula vijiko vingapi.

Rangi ya dhahabu, si nyeusi

Rangi ya kahawia na harufu tamu ya mkate uliochomwa hutokana na sukari na viini vya protini kukutana kwenye joto kali. Daktari na mkemia wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, alieleza badiliko hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Badiliko hilo hilo huzalisha pia kemikali iitwayo akrilamaidi, hasa katika vyakula vya wanga vinavyokaangwa, kuokwa au kuchomwa kwa zaidi ya nyuzijoto 120. Wanasayansi wa Sweden ndio waliotangaza mwaka 2002 kuwa imo katika vyakula vya kawaida. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikuwa imeiweka tangu mwaka 1994 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Ushahidi mkubwa unatokana na wanyama wa maabara, na tafiti kwa binadamu hazijatoa jibu la moja kwa moja. Kipande kimoja kilichoungua si sababu ya kupata hofu. Hata hivyo, kadiri mkate unavyozidi kuwa mweusi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka, na kuipunguza hakuna gharama. Mwaka 2017, mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwahimiza wananchi kuishia kwenye rangi ya dhahabu. Mkate unaweza kukauka vizuri ukiwa na rangi hiyo, ilimradi moto uwe wa wastani na muda uwe wa kutosha. Palipoungua kidogo pakwanguliwe. Kilichogeuka mkaa kitupwe.

Cha kuweka juu

Kachumbari inafaa sana, lakini toa mbegu za nyanya na uichuje maji kwanza. Parachichi lililopondwa na kukamuliwa limao, maharage yaliyopondwa na kitunguu, yai la kuchemsha au bilinganya ya kuchoma vyote hukaa vizuri juu ya kipande kidogo. Maini ya kuku yapikwe hadi ndani pasibaki wekundu kabla ya kupondwa.

Vitu hivi vipakwe dakika chache kabla ya kula, la sivyo mkate utalainika. Vile vyenye mayai, nyama, samaki au mayonezi visikae mezani zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 visizidi saa moja.

Angalia pia chumvi. WHO inashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na mkate wenyewe umeshatiwa chumvi ulipokandwa. Limao, kitunguu saumu, pilipili na majani ya giligilani vinaweza kutoa ladha bila kuongeza nyingine.

Si cha kila mtu

Wapo wanaoamini kuwa mkate ukikaushwa haunenepeshi, au haupandishi sukari mwilini. Kinachopotea ni maji, wanga unabaki. Kwa kuwa kipande kimekuwa chepesi, ni rahisi mtu kula vingi bila kujua. Mwenye kisukari ahesabu slesi alizokula, si uzito wa kipande mkononi. Mkate wa ngano isiyokobolewa una nyuzinyuzi nyingi zaidi, lakini soma viambato kwenye mfuko, kwa sababu rangi ya kahawia peke yake si ushahidi. Unga wa ngano nzima unapaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Watoto wadogo wanaweza kupaliwa na vipande vigumu vyenye ncha. Wapewe mkate laini hadi watakapoweza kutafuna vizuri, na wale wakiwa wameketi, mtu mzima akiwa karibu. Babu na bibi wenye meno machache au shida ya kumeza nao wasilazimishwe. Kipande kilichopakwa maharage na kuachwa kilainike kidogo kinawafaa zaidi.

Ili mkate usifike hatua ya kutupwa, nunua wa ukubwa unaolingana na familia, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na uuweke mahali pakavu mbali na jiko. Siku ya kuandaa kitafunwa, zitandaze slesi zote penye mwanga na uziangalie pande mbili. Zikiwa ngumu lakini safi, washa jiko. Ukiona doa hata kwenye slesi moja, usianze kuchagua, tupa mfuko mzima.