Barua Iliyofunikwa

 

Wazee kati yetu wanakumbuka sanduku la posta la kanisa. Ushirika mzima ulitumia namba moja. Jumamosi katibu alikwenda mjini na ufunguo, akarudi na bahasha mkobani, na Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni akiita majina. Ukisikia jina lako moyo ulishtuka, maana hakuna aliyekuandikia bure. Alikuwa amenunua stempu.

Siku hizi wengi wetu tuna sanduku la barua pepe ndani ya simu, wala halihitaji ufunguo. Lakini mwulize mtu kama amelifungua juma hili. Atacheka. "Mle hamna kitu, ni Facebook tu." Twataka kuzungumza juu ya jibu hilo, kwa sababu sisi nasi tulikuwa tukijibu vivyo hivyo, na hasara yake tuliiona nyumbani mwetu.

Binti wa dada yetu alimaliza shule akaomba nafasi katika chuo kimoja. Hakuwa na simu, basi katika fomu akaandika anwani yetu ya barua pepe. Kila jioni aliuliza, "Mjomba, wamejibu?" Nasi tulitazama upesi upesi, tukaona majina yale yale ya mitandao, tukamwambia, "Bado, mama." Kumbe barua ilikuwa imefika tangu Jumanne. Ilitaka jibu kabla ya siku saba. Tuliiona siku ya kumi na moja, imebanwa katikati ya arifa mbili: moja ilisema kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hatumkumbuki, na nyingine kwamba kuna picha hatujaitazama. Nafasi alikuwa amepewa mwingine. Binti hakutulaumu. Ingekuwa afadhali angetulaumu.

Basi tulianza kuuliza, arifa hizi zatoka wapi, na nani aliziita?

Ukweli ni kwamba mara nyingi tuliziita wenyewe bila kujua. Unapojiandikisha katika Facebook, LinkedIn, Instagram au X, unatoa anwani ya barua pepe au namba ya simu. Ukitoa anwani, mara nyingi swichi za arifa huwa zimekwisha kuwashwa, nawe usipozizima zitabaki hivyo. Tena mitandao mingi hupata fedha kwa matangazo, na tangazo halina faida mpaka mtu afungue ukurasa alitazame. Kwa hiyo barua hutumwa ili ikushike mkono ikurudishe huko. Angalia jinsi nyingi zinavyoandikwa. "Kuna mtu amekutaja." Amesema nini? Huambiwi, mpaka ubonyeze. Ni bahasha isiyo na barua ndani.

Na wakati mwingine ni sisi tunaowasumbua wenzetu. Mwaka 2015 LinkedIn ilikubali kulipa dola milioni 13 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa huko Marekani. Wanachama walilalamika kwamba mtandao ulichukua anwani za marafiki zao, ukawapelekea mialiko, kisha ukaendelea kuwakumbusha tena na tena kwa jina la mwanachama mwenyewe. Kampuni ilikana kwamba ilikosa, lakini ililipa. Kwa hiyo mtandao mpya unapokuomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu walio katika simu yako, unaweza kukataa, na akaunti yako itafanya kazi vizuri tu.

Sasa, tufanyeje? Watu wengi hufuta. Kila asubuhi wanafuta, na jioni sanduku limejaa tena. Nasi tulifanya hivyo miaka mingi, kama mtu apigaye deki huku bomba linamwaga maji. Hapana budi kwanza tufunge bomba, nalo bomba haliko katika barua pepe. Liko katika mtandao wenyewe.

Chukua Facebook. Ingia, bonyeza picha yako ndogo, fuata mahali palipoandikwa mipangilio, kisha arifa. Humo utaona njia ambazo arifa hukufikia, na mojawapo ni barua pepe. Fungua hiyo, uzime moja baada ya nyingine: siku za kuzaliwa, vikundi, picha, watu unaoweza kuwajua. LinkedIn na X nazo zina sehemu ya namna hiyo ndani ya mipangilio yao. Kampuni hubadilisha mpangilio wa kurasa mara kwa mara, basi usikate tamaa ukikuta neno limehamia pengine. Tafuta mipangilio, arifa, barua pepe, kwa utaratibu huo. Kama simu yako inasema Kiingereza, mwombe kijana aliye karibu akusomee. Kazi yote ni ya dakika kumi, labda robo saa kwa wenye akaunti nyingi.

Lakini kuna arifa moja ambayo tunawasihi msiizime. Ni ile ya usalama. Mtu akijaribu kuingia katika akaunti yako, au neno la siri likibadilishwa, mtandao hukuandikia. Nawe ukisahau neno la siri, namba ya kukufungulia mlango yaweza kuja kwa njia hiyo hiyo. Tunamjua ndugu mmoja aliyechoka na arifa akaziwekea zote alama ya barua taka. Alipopoteza simu yake akataka kuingia tena, alikaa siku mbili akiingoja namba, nayo ilikuwa imetupwa jalalani kila ilipokuja.

Kuna barua nyingine ambazo hazizimwi huko kwa urahisi, kama zile za akaunti ya zamani uliyosahau neno lake la siri. Hapo tumia neno la kujiondoa, ambalo huwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zimewataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja tu katika barua za matangazo na za kujiandikisha. Google huwahesabu kuwa wakubwa wale wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watu wa Gmail. Ndiyo maana katika Gmail waweza kuona neno hilo limewekwa juu pia, karibu na jina la mtumaji. Likiwa hapo, hulazimiki kulitafuta chini.

Hata hivyo, kabla hujabonyeza chochote, tazama anwani ya aliyetuma, wala usitosheke na jina. Arifa za Facebook zimezoeleka kutoka katika anwani zinazoishia facebookmail.com. Wezi nao huiga rangi na picha za mitandao, wakaandika kwamba akaunti yako itafungwa leo usipothibitisha neno la siri. Barua ya namna hiyo usiijibu, na neno lake la kujiondoa usiliguse, maana ukibonyeza unaweza kupelekwa kwenye ukurasa wao. Hiyo ndiyo ya kuwekewa alama ya barua taka. Ukiwa na shaka, ifunge, kisha uingie katika mtandao wenyewe kwa mkono wako uone kama kuna habari yoyote.

Labda utasema, "Mimi nazihitaji arifa zangu, nafanya biashara kwa Facebook." Vema. Zitengee chumba chao. Tangu mwaka 2013 Gmail imekuwa na sehemu kadhaa za kupokelea barua, na mojawapo ni ya mitandao ya kijamii, ili barua za watu zibaki katika ile ya kwanza. Pia waweza kutengeneza chujio katika kompyuta: unaandika anwani ya mtumaji, kisha unaamuru kwamba barua zake zisipite sandukuni bali ziingie katika lebo uliyoipa jina. Usichague kuzifuta, kwa sababu ya zile za usalama tulizotaja. Nasi tulilifanyia kazi hilo Jumamosi moja, tukiwa na binti mwenyewe kando yetu, yeye akisoma nasi tukibonyeza. Arifa zilizokuwa njiani ziliendelea kuja siku chache, halafu kukawa kimya.

Binti aliomba tena muhula uliofuata. Safari hii sandukuni mlikuwa na barua nne tu: ya benki, ya shule ya watoto, ya rafiki yetu aliyehamia Kisumu, na ya chuo. Alijibu siku ile ile, kabla hata chai haijapoa. Kwaherini, mpaka juma lijalo.