Jinsi wanyonge walivyomng'oa mkoloni: Kutoka vita vya Gazi hadi Lancaster House

Wakazi wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale hawahitaji kusafiri mbali ili kuziona nyayo za mkoloni. Jirani yao ni Shimoni, ambako kampuni ya Waingereza iliyopewa idhini ya kutawala mwaka wa 1888 ilikuwa na kituo chake cha mapema. Kaskazini iko Gazi, makao ya Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, kiongozi aliyepigana na Waingereza kuanzia mwaka wa 1895. Kusini uko mpaka alioukimbilia mwaka uliofuata.

Historia hii inazua swali. Ikiwa Mbaruk alishindwa mwaka wa 1896, na wapiganaji wa Mau Mau nao wakashindwa misituni kufikia mwaka wa 1956, ilikuwaje dola hiyo yenye nguvu ikafungasha virago Desemba 12, 1963?

Jibu linaanza kwa kuelewa kwa nini Mbaruk alishindwa. Chanzo cha vita vyake kilikuwa ugomvi wa urithi wa utawala wa Takaungu, ambapo Waingereza walimuunga mkono mrithi waliyemtaka wao. Mbaruk alijua kupigana kwa kuvizia. Ngome yake ya Mwele, bara ya Gazi, ilipotekwa Agosti 1895, alijificha vichakani na kuendelea kushambulia. Waingereza walilazimika kuleta wanajeshi kutoka India.

Hata hivyo, alikosa mambo mawili. Kwanza, madai yake yalikuwa ya ukoo wa watawala waliomiliki watumwa. Baadhi ya Wamijikenda walimfuata, lakini wengine hawakuona faida yao. Pili, hakuwa na mtetezi nje. Alipovuka mpaka Aprili 1896 pamoja na maelfu ya wafuasi, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika waliwapa hifadhi lakini wakawapokonya silaha. Mbaruk alifariki Dar es Salaam mwaka wa 1910.

Miaka 56 baada ya kushindwa kwa Mbaruk, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, Oktoba 20, 1952. Kwa upande wa silaha, matokeo hayakutofautiana sana na yale ya Gazi. Watu 1,090 walinyongwa na makumi ya maelfu wakazuiliwa kambini. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 18, 1957.

Lakini ushindi huo ulimgharimu Mwingereza takriban pauni milioni 55, wakati ambapo hazina yake ilikuwa ingali imelemewa na madeni ya Vita Vikuu vya Pili. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na uwezo wa kulifukuza jeshi la Uingereza. Walichoweza ni kuifanya Kenya iwe koloni ghali, isiyotawalika bila mabavu.

Mabavu hayo ndiyo yaliyomharibia mkoloni jina. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi. Maafisa walidai kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua, lakini uwongo huo ulifichuka na kuzua lawama kali katika Bunge la Uingereza, hata kutoka chama tawala. Januari 1960, viongozi wa Kiafrika waliketi Lancaster House, London, kujadili katiba, na hali ya hatari ikaondolewa mwezi huo huo.

Ulimwengu nao ulikuwa umebadilika. India ilikuwa huru tangu mwaka wa 1947 na Ghana tangu 1957. Huko Algeria, Ufaransa iliyawinda majeshi ya wazalendo kwa miaka mingi, lakini ikaondoka mwaka wa 1962. Funzo ni kwamba mnyonge halazimiki kumshinda mwenye nguvu vitani. Humtosha kukataa kutawaliwa hadi gharama ya kutawala ipite faida yake.

Pwani ilikuwa na fundo lake. Ukanda wa maili 10 ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kisheria. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua zilizoukabidhi ukanda huo kwa Kenya. Mkataba huo ulilinda mahakama za Kadhi. Pia uliahidi kwamba hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingeendelea kutambuliwa.

Hapo ndipo penye kidonda. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda huo alisajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi wa Wamijikenda, waliomiliki ardhi kwa pamoja kimila, waliachwa nje. Uhuru ulipoingia, maandishi ya mkoloni yalibaki na nguvu yake, na uskwota haujaisha Kwale.

Mwaka wa 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa kambi za mateso. Ilichukua nusu karne na kesi mahakamani kupata hayo. Bendera ilishushwa kwa sababu kuitunza kulikuwa ghali. Hatimiliki hazikumgharimu mtu chochote kuziacha zilivyo. Wanaodai ardhi yao leo wana kazi ile ile waliyokuwa nayo waasi wa jana: kuifanya dhuluma iwe mzigo mzito kwa anayeitetea kuliko kwa anayeibeba.