Makasri ya Unguja: Mwanafunzi wa Kiswahili Asome Nini?

Wahenga walinena: tembea uone. Kongamano au ziara ya wanafunzi wa Kiswahili inapofanyika nchini Tanzania, baadhi yetu hupata fursa ya kuvuka bahari hadi Unguja. Kwa mwanafunzi aliyezoea njia ya kutoka vyumba vya kupanga vya Kahawa Wendani hadi madarasa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuyaona makasri ya masultani ni jambo kubwa. Hata hivyo, wengi hurudi na picha tu. Makala haya yananuia kubainisha mambo matatu ambayo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuyasoma katika majumba hayo.

Kwanza ni lugha. Jengo mashuhuri zaidi katika Mji Mkongwe ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883. 'Beit' ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na ndilo lililotupatia 'ubeti' wa shairi. 'Ajaib' ina asili moja na 'ajabu', nalo 'kasri' pia limetokana na Kiarabu. Kwa hivyo, anayechambua beti darasani tayari anatumia msamiati wa jumba hilo.

Pili ni historia. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilishambulia eneo la kasri kwa muda usiofikia saa moja, na jumba la Beit al-Hukm likaharibiwa. Kasri la Maruhubi, ambalo pia lilijengwa na Barghash, liliteketea mwaka wa 1899. Usultani wenyewe uliondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Tatu ni sauti. Katika kasri la Mtoni, ambalo sasa ni magofu, ndimo alimozaliwa Sayyida Salme mwaka wa 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886, zinaeleza maisha ya kasrini kwa undani. Aidha, humo humo aliutetea utumwa. Watumwa waliopika, waliofua na waliolea watoto wa kifalme hawakupata kalamu wala mchapishaji. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuuliza: ni nani anayesimulia, na ni nani aliyenyamaza?

Swali hili lina uharaka. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mafundi wanaweza kusimamisha ukuta upya. Masimulizi ya wazee waliorithi habari za majumba hayo kwa mdomo hayana fundi wa kuyarejesha, wenyewe wakishatutoka. Basi, ndugu msomaji, utakapofunga safari, beba daftari pamoja na kamera. Waamkie wazee kwa adabu, uwaombe ruhusa, kisha uwasikilize na kuandika.