Makabati ya Mbao na Sakafu Isiyoangusha Mtu

Marumaru za jikoni huchaguliwa dukani mchana, chini ya taa kali, zikiwa kavu na zimefutwa vumbi. Mnunuzi huinua moja hadi usawa wa kifua, huigeuza ipate mwanga, kisha huiweka kando ya kipande cha mbao alichopewa na seremala wake kama sampuli. Rangi zikipatana, maboksi hupakiwa. Miezi michache baadaye sakafu hiyo hukanyagwa saa kumi na moja alfajiri, ikiwa na matone ya maji chini ya sinki na utando wa mafuta karibu na jiko, na anayeikanyaga ni bibi mwenye mtoto wa jicho, aliyevaa kandambili zilizolika kisigino.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo duniani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mfupa wa nyonga uliodhoofika kwa umri huweza kuvunjika kwa mwanguko wa kawaida tu, kutoka kimo cha mtu aliyesimama. Jikoni huongezeka hatari nyingine, kwani anayeteleza huenda ana sufuria ya uji wa moto mikononi, na mjukuu yuko miguuni pake.

Tatizo la kwanza huanzia kwenye rangi. Makabati ya mbao hutengenezwa kwa mninga wenye wekundu wa kahawia, mtiki, mvule au paini ya manjano hafifu, na katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam mteja huweza kuziona zote kwa asubuhi moja. Mtindo unaopendwa siku hizi ni kufananisha sakafu na mbao, hata kwa marumaru zilizochorwa mistari ya mti, ili jiko zima lionekane kama kitu kimoja. Kwa macho ya kijana, jiko hilo hupendeza. Kwa mzee, kitu kimoja ndicho hasa anachokiona: hajui sakafu inaishia wapi na kabati linaanzia wapi, mguu wa kiti cha mbao hupotea ndani ya sakafu, na mlango wa kabati ulioachwa wazi hauonekani mpaka umgonge goti. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20, na mtoto wa jicho, presha ya macho au madhara ya kisukari hupunguza zaidi uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana.

Hata kwa wanaojali mandhari peke yake, kufananisha huku ni kazi ya muda. Mvule mpya una rangi ya dhahabu, lakini hukolea kuwa kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga, ilhali marumaru iliyo chini yake haibadiliki.

Kinachofaa ni tofauti ya wazi kati ya weusi na weupe wa rangi. Miongozo ya Uingereza kuhusu majengo yanayotumiwa na watu wenye ulemavu hupima mwanga unaorudishwa na rangi kwa kipimo cha 0 hadi 100, na hupendekeza tofauti ya pointi 30 kati ya nyuso kubwa zinazopakana, kama sakafu na ukuta. Duka la marumaru halina kifaa hicho, lakini simu ya mkononi yaweza kusaidia: sampuli ya mbao iwekwe juu ya marumaru, ipigwe picha, na picha igeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa mbao na marumaru zimekuwa kijivu kimoja, mzee hatazitenganisha. Makabati ya mninga hutaka sakafu ya rangi ya mchanga, krimu au kijivu hafifu. Makabati ya paini huonekana vizuri juu ya kijivu kilichokolea au saruji nyekundu.

Nyeupe inayong'aa kama kioo haifai, ingawa tofauti yake na mninga ni kubwa. Mwanga wa dirisha ukiiangukia, mtoto wa jicho huutawanya ndani ya jicho, na maji yaliyomwagika hayaonekani tena. Marumaru zenye madoa makubwa meusi nazo ziepukwe nyumbani mwa mtu anayepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa uzeeni, kwa sababu huweza kuyaona kama mashimo akasita, au akayaruka.

Kuhusu utelezi, alama za kwenye maboksi huchanganya wengi. PEI, inayoandikwa kwa namba hadi 5, hueleza jinsi uso wa marumaru unavyostahimili kuchakaa kwa kukanyagwa. Haisemi lolote kuhusu kuteleza. Alama ya kuulizia ni R, inayotokana na kipimo cha Kijerumani ambacho mtu hutembea juu ya sakafu iliyopakwa mafuta huku mwinamo wake ukiongezwa mpaka ateleze. R9 hustahimili mwinamo wa nyuzi 6 hadi 10, R10 hadi 19, na R11 hadi 27. Kwa jiko la nyumbani R10 hutosha. R11 hushika unyayo zaidi, lakini hushika pia masizi na mafuta, na anayepiga deki atalalamika kwa haki. Boksi lisipokuwa na alama, mnunuzi aombe marumaru moja ilazwe chini, aimwagie maji yenye tone la sabuni, kisha aikanyage kwa kandambili anazovaa nyumbani, huku ameshikwa mkono. Muuzaji atacheka. Acheke.

Si lazima sakafu iwe ya marumaru. Saruji iliyopigwa niru na kutiwa rangi nyekundu, waliyokulia wengi, ni sakafu nzuri jikoni: haina mianya mingi ya kuficha uchafu, hustahimili jiko la mkaa linalowekwa chini, na hutofautiana na mbao nyepesi. Huwa hatari inaposuguliwa kwa nta hadi ing'ae. Kapeti la plastiki ni laini kwa magoti na bei yake ni nafuu, lakini cheche moja ya mkaa huliyeyusha, na kona iliyojikunja humnasa mtu mguu.

Kunasa huku ndiko husahaulika zaidi. Mafundi wengi hulaza marumaru mpya juu ya sakafu ya zamani ili kuokoa gharama ya kubomoa, na sakafu ya jikoni hupanda juu ya ile ya ukumbi kwa kiasi cha unene wa kidole. Mtu mzima wa afya hazingatii kitu hicho. Aliyepata kiharusi, ambaye mguu wake mmoja huburuta, hujikwaa hapo kila siku. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayoni hukatwa na ukingo wa marumaru iliyopasuka bila kuhisi, na huenda akaliona jeraha likiwa tayari limeoza. Mlangoni pawekwe mteremko mfupi badala ya ngazi, na marumaru iliyovunjika ibadilishwe mapema.

Chini ya makabati, sakafu ifike hadi ukutani na miguu ya mbao isiguse maji. Ubao wa unga wa mbao ukilowa huvimba na kuota ukungu, na mende hupata makao. Ukungu na mende wote huweza kuamsha pumu.

Kwa mpangaji asiyeweza kubadilisha sakafu, yapo ya kufanya kwa gharama ndogo. Vizulia vidogo viondolewe. Deki ipigwe kwa sabuni kidogo, isuuzwe na kukaushwa kabla mzee hajaamka. Ubao wa chini wa kabati, ule unaokaribiana na vidole vya miguu, upakwe rangi nyeupe ikiwa sakafu ni nyeusi, au nyeusi ikiwa sakafu ni nyeupe. Taa iwe karibu na mlango, mahali mkono unapoifikia kabla ya mguu kuingia.

Na anapoanguka mtu, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, au akashindwa kuukanyagia, asichuliwe wala kusimamishwa. Abebwe akiwa amelala, afikishwe hospitali. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi anayemwandikia dawa na tarehe ya kurudi anaweza kumwomba ndugu aliyekuja kumchukua aoneshe picha ya jiko la nyumbani kwenye simu yake, iliyopigwa kutoka mlangoni, asubuhi, kabla ya deki kukauka.