Vifaa vya Kisasa vya Pikipiki: Kipi Kinastahili Pesa Yako?

Gari linapomkatizia mwendesha pikipiki kwenye makutano ya Louisville, Kentucky, mkono wake wa kulia hubana breki ya mbele kabla hajawaza lolote. Lami ikiwa imelowa, gurudumu huacha kuzunguka, tairi likateleza, na pikipiki ikalala chini kabla hajawahi kulegeza mkono.

Gurudumu hushika njia na kufuata usukani likiwa linazunguka. Breki za ABS hulinda mzunguko huo. Kihisi hupima mwendo wa gurudumu. Kompyuta ikiona linataka kusimama ghafla, hupunguza nguvu ya breki na kuirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kasi hiyo. BMW iliweka ABS kwenye pikipiki yake ya K100 mwaka 1988. Mwaka 2013 Bosch ilileta mfumo unaopima pia jinsi pikipiki ilivyolala kwenye kona.

Taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, ililinganisha pikipiki za aina zilezile, zenye ABS na zisizo nayo. Zenye ABS zilikuwa na ajali za vifo pungufu kwa asilimia 22. Hata hivyo sheria ya Marekani haiilazimishi, kwa hiyo mnunuzi wa Columbus, Ohio, huamua mwenyewe.

Vifaa vya starehe navyo vipimwe kwa kazi vinayofanya. Buffalo, New York, kando ya Ziwa Erie, huwa na baridi kali, na vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kubana breki. Vishikio vinavyopashwa joto kwa umeme, basi, vinachangia usalama. Skrini kubwa na muziki, kinyume chake, huvuta macho na masikio mbali na barabara.

Mfuko wa hewa nao ulifika: Honda Gold Wing iliyoupata kwanza, mwaka 2006, iliundwa Marysville, karibu na Columbus. Lakini kinga kubwa haina waya hata mmoja. Idara ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kuwa helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji kwa asilimia 37. New York inamtaka kila mtu aivae. Kentucky iliwaondolea watu wazima sharti hilo mwaka 1998, na Ohio inawabana vijana na wanaoanza tu.

Kwa hiyo anza na helmeti, kisha ABS, halafu joto la mikono. Mengine yafuate mfuko ukiruhusu.

Kuhusu ABS, Afrika Mashariki nasi tuna la kudai. Tangu 2019 India inalazimisha ABS kwenye pikipiki mpya zinazozidi cc 125. Bajaj na TVS wa huko, waliojaza vijiwe vyetu vya bodaboda, wanaijua kazi hiyo. Serikali zetu ziwatake waifanye na kwetu.