Kompaila ya Haskell Inapogoma

Kijana mmoja ninayemwelekeza alinitumia picha ya skrini ya kompyuta yake. Aliipiga kwa simu, kwa upande, na mwanga wa taa ulikuwa umemeza nusu ya maandishi. Chini yake aliandika: “Shikamoo mwalimu. Nifanyeje ili Int iwe Fractional?” Nikaitikia, kisha nikamuuliza: “Kwani unatafuta nini?” Kumbe alikuwa anatafuta wastani wa mauzo ya siku ya genge la mama yake. Siku mbili zilikuwa zimekatika na wastani haujapatikana.

Kisa chake nakitumia hapa kwa sababu kimebeba karibu kila kitu kinachowakwamisha wanaoanza Haskell. Lugha hii ya programu ilitokana na mkutano wa wataalamu uliofanyika Portland, Marekani, mwaka 1987. Wakati huo kila kikundi cha watafiti kilikuwa na kilugha chake, wakaona heri waunde lugha moja ya wote. Maelezo rasmi ya kwanza yalitoka mwaka 1990, na jina lilichukuliwa kwa mwanahisabati Haskell Curry. Ni lugha ya kifanksheni: programu hujengwa kwa fanksheni kama zile za hisabati, ukiipa kitu kilekile inakurudishia jibu lilelile, na thamani ikishapewa jina haibadiliki. Tena aina za data zote hukaguliwa kabla programu haijaanza kazi. Mkaguzi ni kompaila, na inayotumika zaidi ni GHC, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow. Programu ya Python huweza kuondoka stendi ikaharibikia porini usiku. Ya Haskell, ikiwa na kasoro ya aina, haitoki stendi kabisa. Ndiyo maana mwanafunzi wa Haskell hugombana zaidi na mkaguzi kuliko anavyogombana na programu yenyewe.

Mstari wa kijana ulikuwa huu:

wastani xs = sum xs / length xs

Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi angeutia alama ya vema. `sum` hujumlisha, `length` huhesabu, gawanya, basi. GHC ikakataa, ikisema haina uanachama wa Int katika Fractional. Maana yake ni kwamba alama `/` hufanya kazi na namba za ukoo wa Fractional tu, zile zinazoweza kubeba desimali. `length` hurudisha Int, ambayo ni namba nzima. Na kwa kuwa pande mbili za `/` lazima ziwe za aina moja, GHC ilihitimisha kwamba hata mauzo ni Int, ikatafuta namna ya kugawanya Int kwa alama hiyo, ikaikosa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Ujumbe wa kompaila hukueleza kilichoishinda kompaila, na hicho mara nyingi si kile ulichokosea wewe. Kijana aliposoma kwamba uanachama haupo, alidhani ametumwa akautengeneze. Akaingia kuiandikia Int uanachama wa Fractional, kazi ambayo haikuhitajika hata chembe, na swali aliloniletea lilikuwa swali la kazi hiyo. Ningemjibu alichouliza, ningekuwa nimemsaidia kupotea vizuri zaidi.

Nilimwambia afute yote, aandike saini ya fanksheni kwanza, yaani aina inayopokea na aina inayorudisha, juu ya mstari ule:

wastani :: [Double] -> Double

Msimbo haukubadilika, kosa ni lilelile, lakini malalamiko yakawa mengine: nilitarajia Double (namba yenye desimali), nimeletewa Int. Na kidole sasa kilielekea moja kwa moja kwenye `length xs`. Bila saini, GHC hukisia nia yako kutokana na ulichoandika, na kama ulichoandika kina kasoro, makisio nayo yanapinda. Ukiweka saini, inakuwa na kitu cha kupimia. Haskell haikulazimishi kuiandika kwa fanksheni kama hii, na mimi naona huo ni ukarimu unaowaponza wanaoanza.

Kisha akaweka alama ya mstari wa chini mahali alipokwama:

wastani xs = sum xs / _ (length xs)

Alama hiyo ni pengo. GHC ilimjibu kwamba hapo panatakiwa kitu cha kutoka Int kwenda Double, ikamtajia majina yanayoweza kukaa. Mojawapo ni `fromIntegral`, na ndilo lenyewe. Lakini `toEnum` nayo hupita ukaguzi huo huo, ingawa iliundwa kwa shughuli nyingine, kwa hiyo orodha ya GHC ichukue kama ya mshenga: anakuletea majina, kuchagua ni juu yako. Akaandika `sum xs / fromIntegral (length xs)`, akaingiza mauzo ya siku tatu, 42000, 38500 na 51000, akapata shilingi 43,833 na ushei.

Katika ile picha, mwanga wa taa ulikuwa umefunika kitu kimoja kidogo ambacho kingemwokolea muda: namba ya kosa. Tangu GHC 9.6, iliyotoka mwaka 2023, ujumbe wa kosa huja na namba yake. La kwanza la kijana ni GHC-39999, lile la baada ya saini ni GHC-83865. Haskell Foundation ina faharasa ya namba hizo, yenye maelezo na mifano ya msimbo kabla na baada ya kurekebishwa. Maneno ya ujumbe yanaweza kubadilika toleo hadi toleo, tena yamechanganyika na majina ya fanksheni zako mwenyewe. Tafuta kwa namba.

Hata hivyo, lawama zote si za mwanafunzi. Kwa miaka mingi GHC iliandika makosa kama hakimu anayesoma hukumu kwa Kilatini. Elm, lugha nyingine ya kifanksheni iliyoanzishwa na Evan Czaplicki mwaka 2012, ilijipatia sifa kwa kompaila inayozungumza kama mtu aliyekaa nawe benchi moja, ikikwambia ilichokiona na ilichodhani ulikusudia. Kichekesho ni kwamba kompaila hiyo ya Elm imeandikwa kwa Haskell.

Ukiwa hujui jina la fanksheni unayoihitaji, iko Hoogle, mtambo wa kutafutia kwa saini. Andika `(a -> b) -> [a] -> [b]`, itakuletea `map`. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, hii ni nafuu kubwa, maana hutafuti kwa maneno bali kwa umbo.

Sasa kuomba msaada. Wanaojibu maswali ya Haskell wengi wanajitolea, na anayejitolea husaidia haraka zaidi akiweza kunakili msimbo wako, akaubandika kwake, akaona kosa lilelile kwa macho yake. Picha hainakiliki, na inakula bando la wote wawili. Kata msimbo mpaka ibaki mistari kumi hivi ambayo bado inatoa kosa. Bandika ujumbe mzima, usiufupishe, maana unachokiona hakina maana ndicho mara nyingine mwenzako anachokihitaji. Taja toleo la GHC na kama unajenga programu kwa cabal au kwa stack, zana zinazoleta maktaba, kwa sababu mengine si makosa ya msimbo, ni maktaba mbili zisizopatana matoleo. Halafu sema ulikuwa unataka kupata nini. Kijana angeanza na neno “wastani”, mtu yeyote aliyetumia Haskell mwezi mmoja angemjibu kabla chai haijapoa. Majina ya Kiswahili ndani ya msimbo yaache kama yalivyo, kompaila haina habari nayo. Ukiwauliza watu wa mbali, weka mstari mmoja wa Kiingereza kueleza kila fanksheni inafanya nini.

Kuna matatizo ambayo mkaguzi hayaoni kabisa. Haskell ni mvivu kwa makusudi: haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Ukijumlisha orodha ndefu kwa `foldl`, inaweza kurundika hesabu ambazo hazijafanywa mpaka memori ikajaa, na mara nyingi dawa ni kuhamia `foldl'`. Ukiuliza habari za namna hiyo, njoo na tarakimu: orodha ina urefu gani, memori imepanda kiasi gani, na kama uliendesha ndani ya GHCi, ile GHC ya kujaribia mstari kwa mstari, au programu iliyokwisha kukompailiwa.

Mwezi uliofuata genge lilifungwa wiki nzima kwa sababu ya msiba. Kijana akaniandikia tena, safari hii kwa maandishi: “Mwalimu, GHC 9.6, mistari mitatu hii hapa. Nilitaka wastani wa wiki. Orodha ni tupu, nilitarajia 0, nimepata NaN. Kompaila haikulalamika.” Nililielewa swali nikiwa nimesimama kwenye daladala. Sifuri ikigawanywa kwa sifuri katika Double hutoa NaN, yaani kitu kisicho namba, na kwa mkaguzi NaN bado ni Double, kwa hiyo halalamiki. Nilimjibu kwa saini tu, `wastani :: [Double] -> Maybe Double`, ili orodha tupu irudishe `Nothing` na mwenye genge aambiwe kwamba hapakuwa na mauzo. Yaliyobaki aliyaandika mwenyewe jioni ile.

Nawe ukikwama, tuma maandishi. Picha waachie wa harusi.