Baridi ya Obunga Iko Ndani ya Nyumba

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakikadiria mawimbi ya korona, jicho moja lilikuwa kwenye kalenda. Majira ya baridi yakiingia, watu hujifungia ndani, madirisha hufungwa, hewa hukauka, na virusi vya mafua hupata nafasi ya kutamba. Kisumu haina kalenda ya namna hiyo. Mji huu uko kusini kidogo ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi. Urefu wa mchana wa Juni na ule wa Desemba karibu ni sawa. Julai, wakazi wa Nairobi wanapotembea na masweta, joto la mchana kando ya ziwa bado hukaribia nyuzi 28. Kwa hesabu ya majira peke yake, mtaa wetu wa Obunga hapa Kisumu ungekuwa na kinga ya kudumu. Lakini wimbi lililoutikisa mji lilikuja Juni 2021, jua likiwaka.

Mwanzoni mwa Mei mwaka huo tulikuwa tumeshaambiwa kwamba aina ya virusi iliyogunduliwa India imepatikana Kisumu, miongoni mwa wafanyakazi waliosafiri kutoka huko kuja kufanya kazi kiwandani. Tarehe 31 Mei Shirika la Afya Duniani likaipa aina hiyo jina la Delta. Kesho yake taifa likaadhimisha Sikukuu ya Madaraka katika uwanja mpya wa Mamboleo, Kisumu. Tarehe 18 Juni Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akazitaja kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi kuwa kitovu cha maambukizi: kafyu ianze saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, masoko yasiyo ya chakula yafungwe kwa siku 30, maiti zizikwe ndani ya saa 72 na waombolezaji wasizidi 50. Vitanda vya wagonjwa mahututi katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, vilikuwa vimejaa.

Delta yenyewe inaeleza sehemu kubwa ya balaa hilo. Ilikadiriwa kuambukiza karibu mara mbili ya virusi vya mwanzo, na ilitukuta wengi hatujachanjwa. Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, ikiwa na dozi milioni moja na kidogo kwa nchi ya watu karibu milioni 50, na muda mfupi baadaye India, iliyokuwa ikiitengeneza, ikazuia mauzo ya nje ili kuwahudumia watu wake. Hata hivyo ukiishia kwa Delta na chanjo, utakuwa umekiruka chumba ambamo virusi hivyo viliishi usiku kucha na watu.

Chukua chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kipimo anachokijua kila mpangaji wa Obunga na mitaa jirani ya Manyatta na Nyalenda. Ukikipa kimo cha futi 8, kinabeba lita 22,600 hivi za hewa, kabla hujaingiza kitanda, kabati na mitungi ya maji. Mtu mzima aliyetulia huvuta na kutoa lita 6 hivi za hewa kila dakika, yaani lita 360 kwa saa. Weka watu wazima watano humo kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, zile saa 9 za kafyu. Kufikia alfajiri watakuwa wamepitisha vifuani mwao lita 16,200, kiasi kinachokaribia robo tatu ya hewa yote ya chumba. Mmoja wao akiwa na virusi, hana haja ya kumkoholea mtu usoni. Kupumua na kuongea tu kunarusha chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea kwa dakika nyingi, wakati mwingine kwa saa nzima na zaidi, katika hewa isiyosogea.

Jambo hili hupimika bila maabara. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi ya sehemu 420 hivi katika kila milioni, na pumzi inayotoka mdomoni ina sehemu karibu 40,000. Kwa hiyo kijimashine cha kupima gesi hiyo kikisoma 2,000 ndani ya chumba ambamo hakuna jiko linalowaka, maana yake ni kwamba katika kila pumzi 25 unazovuta, kama moja hivi imeshatoka kifuani mwa mtu. Katika nchi za baridi usomaji kama huo hupatikana zaidi Januari, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia theluji. Huku Obunga hupatikana usiku wowote wa mwaka, kwa sababu dirisha hufungwa kuzuia mbu na wezi. Baridi inayojulikana na virusi ni ile ya watu kubanana mahali pasipo na upepo, na hiyo sisi tunayo miezi yote 12.

Sayansi ya hewa ilichelewa kuwafikia hata wakubwa. Julai 2020 wanasayansi 239, Lidia Morawska wa Australia na Donald Milton wa Marekani wakiwa mbele, walilisihi Shirika la Afya Duniani likubali kwamba korona husafiri hewani. Shirika lilirekebisha maelezo yake kwa umma na kulisema hilo waziwazi tarehe 30 Aprili 2021, wiki saba kabla ya tangazo la Kagwe. Mwezi huohuo idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilikadiria kuwa kugusa kitu chenye virusi kunaambukiza kwa uwezekano ulio chini ya mara 1 kati ya 10,000. Mtaani kwetu, wakati huo wote, ujumbe uliopigwa zaidi ulikuwa wa kunawa mikono. Mama aliyekuwa akinunua maji kwa mtungi kwenye kioski alitumia sehemu ya maji hayo kuoshea mlango. Siwezi kusema maji hayo yalipotea bure, maana kipindupindu kimeizoea Kisumu na sabuni hukipunguza makali. Ila aliyeambiwa anawe asiambiwe afungue dirisha alipewa nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa na uzito.

Na kafyu pia nina neno nayo. Ilikusudiwa kuzima baa na mikutano ya usiku, na hapo ilikuwa na mantiki. Lakini saa moja hadi saa tatu usiku ndizo saa ambazo mtu wa Obunga huwa nje: watoto uani, kina mama kwenye meza za omena na mboga, vijana barazani. Kumwingiza ndani saa hizo ni kumtoa kwenye hewa inayosogea na kumpeleka kwenye ile ya lita 22,600. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zilionyesha kwamba maambukizi yaliyotokea nje hayakufika moja kati ya kumi.

Linganisha na kazi iliyoupa mtaa huu umaarufu, ambayo hufanywa nje. Viwanda vya samaki huichuna mbuta minofu ya kuuzwa ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama iliyong'ang'ania mifupani, huuzwa kwa akina mama. Hicho ndicho kiitwacho mgongo wazi. Migongo huanikwa juani juu ya vichanja, mbavu zikiwa zimetanuka, halafu hutumbukizwa katika karai pana la mafuta juu ya moto wa kuni. Mafuta hutoa povu, mama hugeuza kwa chuma kirefu huku akiupa moshi mgongo, na upepo wa ziwa hupita chini ya banda lisilo na kuta. Kwa upande wa korona, sehemu ya kazi iliyo salama kuliko hiyo ni shida kuipata. Upepo hutawanya chembe za pumzi, na jua la mchana huua virusi vilivyomo ndani yake kwa dakika chache. Hatari ya mama huyo kazini ni moshi, ambao huchosha mapafu mwaka baada ya mwaka na kumwacha dhaifu siku ugonjwa wa kifua ukimpata. Hatari yake ya korona ilimsubiri kwenye matatu iliyofunga vioo mvua ya jioni ikinyesha, kisha chumbani. Tahadhari ya maana kwake ilikuwa kumwambia hayo mawili, badala ya kumtazama kwa wasiwasi mbele ya karai lake.

Na kulikuwa na matanga. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ukumbini kwa saa mbili na nusu. Watu 53 wakaugua na wawili wakafariki. Kuimba hurusha chembe nyingi kuliko kuongea, na kwetu hakuna matanga yasiyo na wimbo. Lakini hofu ya watu ilielekezwa kwingine. Aprili 2020, katika kaunti jirani ya Siaya, mtu aliyefariki kwa korona alizikwa usiku wa manane na maafisa waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, na picha zikazunguka nchi nzima kupitia simu. Mwezi uliotangulia Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaandika kwamba, tofauti na Ebola, mwili wa marehemu wa korona kwa kawaida hauambukizi. Waliohitaji kutenganishwa ni waombolezaji, wakae chini ya miti badala ya sebuleni. Maziko yale yalifundisha watu kuogopa maiti, na pia kuogopa kupimwa, maana nani angetaka mzazi wake azikwe hivyo?

Kila alasiri Wizara ya Afya ilitoa hesabu: waliopimwa, waliopatikana, waliofariki, kaunti kwa kaunti. Hesabu hizo zilimsaidia mpangaji wa taifa. Kwa mkazi wa Obunga, Kisumu ni kubwa. Alitaka kujua kama kikohozi kimeingia ploti ya pili. Habari za kiwango hicho zilibebwa na wahudumu wa afya ya jamii, ambao kwa Kiluo huitwa nyamrerwa, na stesheni zinazotangaza kwa Kiluo kama Ramogi na Mayienga. Mhudumu mmoja hupangiwa kaya zipatazo 100. Anajua nani ana presha, nani yuko kwenye dawa za VVU na nani amekosa kliniki, na katika kaunti ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta zaidi ya watu wazima 17 kati ya 100 wanaishi na VVU, kujua huko si jambo dogo. Akisimama mlangoni na kusema mama fulani apelekwe hospitali leo, atasikilizwa kuliko tangazo lolote, kwa sababu ndiye aliyekuja mtoto wao alipougua malaria.

Malaria ndiyo inayoleta ugumu wa kweli katika suala la dirisha. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Kisian, kando ya barabara ya Busia, wamefanya kazi kwa miongo mingi kuhusu mbu wa ukanda huu. Majaribio makubwa ya vyandarua vilivyotiwa dawa yalifanyika Asembo na Gem, Siaya, katika miaka ya 1990. Mbu aenezaye malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na mwanya huohuo ndio unaotoa hewa iliyochoka. Aliyeuziba kwa matambara alifanya jambo la busara dhidi ya ugonjwa mmoja na kuukaribisha mwingine. Wavu wa waya hutatua yote mawili: hewa hupita, mbu hubaki nje. Ukiwekwa kwenye mwanya wa upande mmoja na mwingine upande wa pili, upepo unavuka chumba mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, wala mwizi hapati pa kupitia.

Mwanya huo huokoa pia kwa njia nyingine. Usiku wa Juni na Julai kunapopoa kidogo, hasa mvua ikinyesha, wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani kupikia na kuota, kisha wakalala. Makaa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu hasikii kukabwa. Husikia usingizi.

Wimbi la Delta lilishuka, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Kenya ilikuwa imeandikisha vifo zaidi ya 5,600, mbali na waliofia nyumbani bila kupimwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakikuondoka, na kifua kikuu, ambacho husafiri kwa hewa ileile, hakijawahi kutangazwa kwisha. Kenya imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Anayekohoa wiki mbili Obunga leo analala na wenzake katika lita zilezile tulizozipiga hesabu.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja na mkoba wenye kipimajoto na mashine za kupima presha na sukari. Ningependa kila kituo cha afya kiwe na kijimashine kimoja cha kabonidayoksaidi cha kuazimana. Nyamrerwa akiache mezani jioni, mpangaji asome mwenyewe namba kabla ya kulala na anapoamka, kisha alale usiku wa pili dirisha likiwa wazi kiasi cha kiganja, ndani ya chandarua, alinganishe. Sehemu iliyobaki ni ya mwenye ploti, kwa maana mpangaji hawezi kutoboa ukuta usio wake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, tayari inaihesabu nyumba isiyo na hewa wala mwanga wa kutosha kuwa kero kwa afya, na maafisa wa afya wa kaunti wana uwezo wa kumwagiza mwenye ploti airekebishe.